Msimamizi wa Safu ya Tisa

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nimekosea, ilikuwa 2022, maana 2021 Mwishehe alikuwa bado na meno yake ya mbele, na siku ile Editha anamletea fomu alikuwa akizungumza kwa kupulizapuliza, kila neno na upepo wake.

Mwishehe Pazi alikuwa rafiki yangu. Tangu ujanani aliangalia yale makaburi madogo ya Kurasini, nyuma ya yadi ya makontena. Shule hakwenda, jina lake aliliweka kwa dole gumba. Lakini kila kaburi alilijua kwa hatua: safu hii hatua ngapi, nani kalala wapi, mtoto wa nani. Mie mtu wa kuzunguka, leo Temeke, kesho Wazo, ila nikichoka nilikuwaga naishia kizingitini kwake. Kontena tupu likishushwa kule yadi, ardhi ilitikisika mpaka chini ya miguu yetu. Mwishehe alikuwa akisema wanaamshwa bure hawa.

Editha ni binti wa Flaviana, mama lishe anayewapikia makuli pale, watu wa Masasi. Alikuwa chuo kikuu mwaka wa tatu, na kwa kuwa kichwa chake chepesi walimwingiza kwenye mpango wa shahada ya heshima, ule wa wanafunzi wanaofaulu zaidi. Nilivyomwelewa mie, humo kuna njia tatu, unachagua moja. Ama uongeze masomo manne magumu, ama ukafanye kazi ofisini nusu mwaka, ama uandike tasnifu. Yeye alichagua tasnifu, aandike habari za makaburi yale kabla hayajasahaulika. Sasa tasnifu inataka msimamizi atie saini, na wahadhiri wote walishajaa. Fomu mwisho Ijumaa. Asipoirudisha, anatolewa kwenye mpango.

Alhamisi akaja makaburini, fomu mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo babu. Eti wewe ndiye msimamizi?"

"Marahaba. Mie ndiye msimamizi, tangu mama yako hajakuzaa."

Editha akacheka, kisha akaitazama ile fomu. Akamweleza shida yake. Mwishehe aliposikia heshima, akadhani ni heshima za marehemu, akasema hiyo ndiyo kazi yake ya siku zote, alete wino. Akabonyeza dole pale panapotakiwa saini, Editha akamwandikia jina kando. Editha aliniambia baadaye kwamba alijua watamrudishia, alitaka tu isiende tupu.

Haikurudi. Wiki iliyofuata jina la Editha lilibandikwa ubaoni, na pembeni yake: Msimamizi, Bw. M. Pazi. Hakuthubutu kuuliza kitu. Akiuliza, anatoka.

Akaandika sura ya kwanza, akaiacha kwenye trei ya wasimamizi pale idarani kama wenzake. Ikarudi na penseli pembeni, mwandiko mdogo, umelalia kushoto: safu ya tano ni kumi na wanne, si kumi na watatu. Tukaenda kuhesabu sote. Kumi na watatu. Mwishehe akainama, akafukua majani, akagusa jiwe la ukubwa wa ngumi.

"Kichanga cha Bi Tausi," akasema. "Mie mwenyewe nilishakisahau. Nani kamwambia huyo?"

Sura ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Kila penseli iliposema, tulikwenda tukakuta. Flaviana alimtania binti yake kwamba mwalimu wake anasahihisha kama mtu aliyelala humo humo. Tulicheka, lakini siku ile sikumaliza ugali wangu.

Sura ya mwisho ilirudi Jumatatu, na tasnifu nzima ilitakiwa Ijumaa saa tisa alasiri. Ilikuwa na sahihisho moja tu: safu ya tisa, wanane, ongeza mmoja.

Tukahesabu. Wanane. Mwishehe akapita na kijiti akichomeka ardhini, hatua kwa hatua, hadi kando ya ukuta, pahala ambapo jembe halijawahi kugusa. Akasimama hapo.

"Hapa hapana mtu," akasema. Halafu akasema, "Bado."

Editha akakunja karatasi, akasema haongezi. Mwishehe akamtania kwamba msomi mzima anaogopa namba.

"Andika, mjukuu wangu. Heshima yako uikose kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Siandiki, babu. Bora wanitoe."

Jumanne Mwishehe alikuwa mzima. Jumatano alinifokea kwamba nimemmalizia kahawa. Alhamisi asubuhi nikamkuta kizingitini amekaa, kofia imemdondokea magotini. Ndugu zake wakaja kuchimba, na alasiri tukamzika kando ya ukuta, mwisho wa safu ya tisa. Mie sikuwaelekeza. Nilipowauliza, walisema waliona pana nafasi.

Ijumaa Editha akaenda steshenari, akafuta nane, akaandika tisa, na chini ya majina akaongeza la Mwishehe. Aliandika huku machozi yanamtoka. Nikamsindikiza chuoni. Karani wa idara, Bi Zohra, akaipokea, akagonga muhuri, akamwambia imekubaliwa, heshima yake ameipata.

"Na yule msimamizi wako mzee wa watu," akasema. "Anakujaga mwenyewe kuchukua karatasi zako kwenye trei. Hata leo asubuhi kapita, kauliza kama umeshaleta."

Editha akanishika mkono. Mwishehe chuo hicho hakuwahi kukikanyaga, na penseli hakujua hata inashikwaje. Simu ya mezani ilikuwa imeanza kuita, mkono wa Bi Zohra tayari uko juu yake, na ameshatugeuzia kisogo. Nami nikawahi kumwuliza, "Mwanangu, huyo mzee ana meno ya mbele?"