Gari la Papa lilivuja oili kila tukitoka uwanjani, ila kipimo hakikushuka

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimesoma uzi wa yule ndugu anayetaka kushusha injini kwa sababu ya oili inayovuja nyuma, nikaona nisipite kimya. Haya yalitokea nyumbani kwetu, nami nilikuwepo. Mama yangu yuko hai, na siwezi kumsingizia.

Mimi ni mtoto wa Likasi, Katanga. Naishi Tunduma miaka mingi sasa, lakini Kiswahili cha nyumbani kikichomoza mtanivumilia.

Miaka ile ya tisini Likasi ilikuwa imechoka. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameporwa. Kampuni ya shaba ililipa mishahara kwa kuruka miezi, baadaye ikaacha hata kuruka, ikawa hailipi kabisa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wazazi wakituletea unga au makaa ili watoto wasome.

Papa Ferdinand, baba yangu, alikuwa fundi umeme kiwandani. Anasa yake duniani ilikuwa moja tu: gari dogo jekundu la Kiitaliano, milango miwili, fupi kiasi kwamba mbuzi akipita mnatazamana macho kwa macho. Aliachiwa na bosi wake aliporudi Ulaya.

Zamani wafanyakazi walikuwa na klabu ya magari. Klabu ilikufa, lakini wazee wachache wenye magari waliendelea kukutana Jumapili kwenye uwanja wa zamani wa ndege, wakipanga madebe ya kuonyesha njia na kukimbiza magari, raundi chache tu, kadiri petroli ilivyoruhusu.

Macho ya Papa yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hivyo dereva nilikuwa mimi. Ndiyo, binti. Papa alikaa pembeni akisikiliza injini kama alivyosikiliza kwaya yake ya misa ya kwanza.

Mama, jina lake Odile, hakuwahi kukanyaga ndani ya lile gari. Aliliita mke mwenza. Kila siku alimwambia Papa aliuze.

Sasa tatizo.

Kila tukirudi uwanjani, oili inachuruzika chini, pale injini inapoungana na gia. Tukienda sokoni na kurudi, hata tone. Ni baada ya kukimbiza tu.

Na hapa ndipo Papa alipochanganyikiwa: kila tukirudi, akichomoa kijiti cha kupimia, oili iko pale pale kwenye alama. Jumamosi jioni anapima, iko kwenye alama. Jumapili inavuja, na bado iko kwenye alama. Wakuu, nyie mngesemaje?

Papa akahukumu: sili ya nyuma imekufa, ile aliyoiita joint spi. Kuibadilisha ni lazima injini ishuke, na sili yenyewe Likasi nzima haikuwepo, hata Lubumbashi aliuliza.

Basi akakubali kumpa gari mtu mmoja wa Kakanda aliyetaka injini ya kuendeshea kinu cha mahindi. Angekuja kulichukua Jumatatu. Papa alilisema hilo mezani akiwa amekazia macho sahani yake. Mama naye, badala ya kufurahi, akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mimi roho ikaniuma. Jumamosi nikamwomba Papa tujaribu kitu kimoja kabla hatujakata tamaa.

Tukaosha injini kwa mafuta ya taa, tukaikausha kwa matambara, kisha tukaipaka poda ya mtoto pande zote hadi ikawa nyeupe. Oili ikitoka tu, itaacha njia na tutajua inakoanzia. Tukazunguka mjini taratibu, tukarudi. Nyeupe pe!

Jumapili Papa alikwenda misa ya kwanza, mimi naye. Tuliporudi nikafungua boneti tuanze safari ya uwanjani.

Kwenye kifuniko cha kujazia oili, katikati ya ile poda, kulikuwa na alama za vidole.

Nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama kwa kidole kizima.

Papa alidhani ni mimi. Nikaapa. Tukageuka wote wawili, na Mama alikuwa mlangoni na karai la sombe, yaani kisamvu, poda kwenye mkono wa blauzi.

Papa akamwuliza polepole, "Odile, ni weye njo unaongezaka mafuta?"

Mama hakukana. "Minye nilikuwa naona iko navuja. Nikasema, hii motokari ikikufa, bwana yangu atabakia na nini? Kazi haiko, makuta ya kununua unga haiko, macho nayo inaenda."

Oili alipewa na kaka yake, dereva wa lori kule Kambove, kidogo kidogo kwenye chupa ya bia. Kila Jumapili, sisi tukiwa misa ya kwanza, yeye alimimina kabla ya kwenda misa ya pili. Alama ya kipimo hakuijua. Alijua tu gari lina kiu.

Papa alikwenda kumpokea lile karai.

Tukapunguza oili hadi kwenye alama, tukaenda uwanjani. Nikalikamua gari kwenye kila kona. Tuliposimama, chini kulikuwa kukavu. Unyevu kidogo tu ulionekana juu, kwenye bomba la kupumulia la injini, lililokuwa na ufa. Ile oili ya ziada ilikuwa inachapwa kwenye kona, inapanda humo, inatiririka mgongoni mwa injini hadi chini. Sili haikuwa na kosa. Bomba tulilibadilisha.

Mtu wa Kakanda alikuja Jumatatu, akanywa chai, akarudi mikono mitupu.

Jumapili iliyofuata Papa alijikunja kiti cha nyuma, Mama akakaa mbele. Raundi ya kwanza alifumba macho. Ya pili akayafumbua. Ya tatu akaniambia kwa sauti ya chini, "Ongeza tena kidogo."

Funzo langu ni hili: kabla hujashusha injini, isafishe, ipake poda, pima oili asubuhi kabla ya kuwasha. Na uwaulize watu wa nyumbani kwako. Wakati mwingine anayelisema gari vibaya ndiye anayelipenda kuliko wewe. Au analipenda kwa ajili yako.

Haya, mafundi na wenye visa kama hivi, uwanja ni wenu. Na yule ndugu wa injini, tupe majibu ukishapima.