Cheti Tulichomwandikia Mwalimu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alifariki Jumatatu katika hospitali moja ya Beni, na hadi ninapoandika haya mwili wake haujaruhusiwa kuvuka mpaka kurudi kwao Kasese, Uganda. Karatasi ya kifo, iliyonakiliwa kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa alichokutwa nacho, inasema alizaliwa Kirumba, huku kwetu Congo. Hakuzaliwa Kirumba. Najua, kwa sababu mimi ni mmoja wa mashahidi wawili waliotia saini kwamba alizaliwa huko.

Alikuja mjini kwetu Butembo kufundisha wafanyabiashara wanaokwenda Dubai kununua bidhaa. Darasani, katika ukumbi wa parokia, aliketi juu ya sanduku kuukuu kama muuzaji, na hakuna aliyetoka kabla ya kushindania naye bei ya sanduku hilo kwa Kiingereza. Lugha ya kwao na Kinande chetu ni karibu moja, tukasahau kwamba ni mgeni. Alipotuambia anataka kuomba visa ya kuishi na kufanya kazi, mama mmoja muuza vitenge alimcheka mbele ya wote.

"Mwalimu, we unasema Kinande kupita batoto yangu! Visa ya nini? Tukuandikie tu muzaliwa wa Kirumba."

"Lakini mama yangu iko Kasese."

"Mais, lakini hapana mutu atamuuliza!"

Tulicheka, naye mwishowe akacheka. Wiki hiyo hiyo cheti kikapatikana.

Mwaka jana alihamia shule moja ya Mulekera, huko Beni. Shule ilitaka awe na visa halali, ikapeleka uhamiaji faili lake lote, pamoja na cheti chetu. Afisa akamuuliza, "Mutu wa Kirumba anaomba visa ya Congo?" Ili cheti kifutwe, mashahidi tulipaswa kwenda kukiri. Mwalimu alinipigia simu mara tatu. "Kaka, njoo useme tu kweli, nifundishe kwa amani." Kila mara nilimwambia angoje kidogo. Niliogopa kufungwa.

Kwetu tumezoea kusaidiana kwa karatasi, na ukarimu huo hatuuulizi maswali. Nimejifunza nikiwa nimechelewa: mgeni anayeomba kuandikwa mgeni anajua anachoomba, na anayempenda angemsindikiza ofisini.

Jumatano nilikwenda Beni, nikakiri. Afisa aliandika maneno yangu, akasema yatapelekwa kwa wakubwa. Jana mke wa marehemu alipiga simu kutoka Kasese. Kwao kaburi likichimbwa halilali wazi, kwa hiyo anataka kujua siku mwili utakapofika.

"Shemeji, wachimbe lini?"