Sauti Katika Spika ya Kushoto

Spika ambayo haijaunganishwa na redio wala umeme, waya zake mbili zikiwa wazi mezani, inaweza kumuuliza mtu kama amekula? Swali hilo lilinishinda wakati ule, mimi niliyesoma fizikia miaka mitatu chuoni Mbarara. Usinicheke bado. Mambo haya yalitokea nyumbani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mchana kweupe, nikiwa mzima, sina homa. Na kama kuna mtu asiyeamini mapepo, ni mimi. Mama alikuwa akinifinya kanisani kwa sababu ya maswali yangu.

Spika nilizipata Mbarara. Nilikuwa nimempeleka mama hospitali ya Ruharo kwa ajili ya macho, na tulipokuwa tukirudi nikaziona mbele ya duka la hajji mmoja anayeuza vitu vilivyotumika: masanduku mawili ya mbao nzito, yananifikia kiunoni, ya zamani kuliko mimi. Hajji alisema zilitoka kwa familia moja ya kambi ya jeshi ya Makenke iliyohamishwa. Nikaanza kumhoji. Zilinyamaza lini? Nani alizifungua mara ya mwisho?

“Nyabo,” akasema, yaani bibie, “wewe umesema umesoma hiyo mambo ya umeme, halafu unauliza mimi? Mimi nauza tu. Kama haitalia, weka televisheni juu.”

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, na nadhani nilizinunua kwa sababu hiyo. Haoni vizuri, nikajiambia, basi asikie vizuri.

Hapa lazima nikueleze hali yetu. Jicho moja la mama lilikuwa limekwisha, na la pili lilikuwa likififia. Faili letu la kwenda kuishi ng'ambo lilikuwa limeanza kusogea, tukaitwa kwenye mahojiano, nami nilikuwa na hakika kwamba huko jicho la pili lingeokolewa. Mama akakataa kwenda. Kaka yangu Byamungu alikuwa amerudi kwetu Kongo miaka minne kabla, kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu, na hakuwahi kupiga simu. Watu wawili walikuwa wametuambia kwamba shimo liliwaangukia, yeye na wenzake. Mama hakuwasadiki. “Nikienda,” aliniambia, “atakuja kunitafuta fasi gani?”

Basi ilikuwa hivyo: jicho lake upande mmoja, mwanawe upande mwingine. Nami katikati na bisibisi mkononi.

Kazi yenyewe niliipenda. Nilifungua sanduku la kwanza nikakuta kile kisponji kinachoizunguka koni, ile karatasi inayotikisika kutoa sauti, kimeoza, kinabomoka kama mkate mkavu. Koni ilikuwa nzima, koili nzima, sumaku bado ina nguvu. Nilikata kitambaa cha mwavuli wa zamani, nikakitengeneza pete, nikakibandika kwa gundi laini ili koni iweze kucheza. Gundi ile inataka siku nzima kukauka. Siku ya pili nikachukua betri ya tochi na kuzigusisha ncha za waya. Koni ikaruka mbele kidogo, tap. Ya kulia nayo vilevile. Nilifurahi kama mtoto. Nikaondoa betri, nikaenda kunawa mikono yenye gundi.

Saa saba mchana, spika ya kushoto ikasema, “Mama, mulishakula?”

Haikuwa kwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, akichambua maharage kwa vidole, na hakushtuka hata kidogo. Aliinua uso tu.

“Nilishakula, papa,” akajibu, vile alivyozoea kumwita mwanawe. “Na wewe?”

Mama alikuwa hajala.

Utasema nilisikia vibaya. Na mimi nilisema hivyo. Kesho yake, saa ileile, swali lilelile, sauti ya Byamungu na kile kikohozi chake kidogo mwanzoni. Nikaanza kutafuta sababu. Unajua kwamba kiungo chenye kutu kinaweza kunasa redio bila betri? Nilikata waya zote. Unajua kwamba spika inaweza kufanya kazi kama maikrofoni? Lakini maikrofoni hupokea sauti, na hakukuwa na kitu kingine cha kuitoa. Nikaitoa koni yenyewe ndani ya sanduku, nikaiweka juu ya blanketi, sumaku chini. Saa saba iliuliza, na niamini, niliweka kidole juu ya koni nikaihisi ikitetemeka. Nikamuuliza: uko wapi? Nani yuko nawe? Tulificha nini chini ya kitanda cha bibi? Hakunijibu hata mara moja. Alikuwa akimuuliza mama peke yake, na swali lilikuwa hilo moja tu.

Wiki tatu ikawa hivyo. Mama akaanza kuoga mapema na kuvaa kitenge kizuri kabla ya saa saba. Mahojiano yakakaribia, ambako tungetakiwa kueleza Byamungu yuko wapi, naye hakutaka hata kuyasikia. “Mutoto anaongea na mimi kila siku,” alisema, “halafu niseme amekufa?”

Jirani yetu Mama Furaha alisikia siku moja akiwa ameleta chumvi. Hakukimbia. Aliniita nje akaniambia ninachojua tangu utotoni: aliyekufa mbali bila kuliliwa huzunguka akiulizia watu wake. Muketi matanga, alisema, mumalize kilio, atapumzika na mama yako atapumzika.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa maana ni langu, si la Mama Furaha. Yeye aliamini alichosema. Mimi sikukiamini hata kidogo. Niliona tu kwamba ni dawa nzuri kwa mama: akae matanga, alie, akubali, twende kwenye mahojiano tukaandike kwamba Byamungu ni marehemu. Nilichukua mila ya watu wangu nikaitumia kama bisibisi.

Nilimsumbua mama siku nne. Nilimwambia mwanawe anateseka kwa sababu yake, kwamba anamzuia kupumzika. Nilijua ninachofanya. Siku ya nne akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, “Sawa, umesoma wewe.”

Tukaketi matanga siku tatu. Wanawake walilala nasi, kwaya ikaimba, hakukuwa na maiti wala kaburi, ila shati lake tu mezani. Jumamosi, jua likiwa utosini, tukanyoa nywele na kumaliza kilio. Ilipofika saa saba niliona wote wanaiangalia spika. Ilitoa kile kikohozi kidogo. Kisha basi. Mama alikuwa ameshafungua kinywa kujibu.

Haikusema tena. Tulikwenda kwenye mahojiano, nikaandika neno lile, marehemu, mama akabonyeza kidole gumba. Halafu safari zikasimamishwa, si zetu peke yetu, na faili liko palepale. Jicho la pili limekwisha. Spika nilimaliza kuzitengeneza, zinalia vizuri sana, na mama hataki ziwashwe. Mchana hali chakula. Ukimwekea sahani mbele, anaisukuma polepole mpaka ukingo wa mkeka.

Mwaka jana wakaja wakimbizi wapya, na mmoja wao, mwanamume aliyefanya kazi machimboni, akaulizia familia ya Byamungu. Nilimpokea nje, mbali na mlango. Aliniambia walilala chumba kimoja. “Saa ya kula alikuwa anauliza mama yake kama alishakula,” akasema, “anauliza ukuta. Batu balikuwa banamucheka.” Mama sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hiyo ukisikia sauti ya mtu wako mahali isipopaswa kuwa, usiniulize mimi ni kitu gani. Sijui, na sasa siamini tena kwamba kujua kungenisaidia. Nakuonya jambo moja tu: usimlilie mtu ambaye hujaona mwili wake, hata kama unafanya hivyo kwa mapenzi, hata kama huamini kwamba kilio kina nguvu.

Kwa maana yule mwanamume aliniambia na jambo ambalo sikumuuliza. Shimo halikumwangukia Byamungu. Jumamosi moja, saa ya chakula, alikohoa, akafungua kinywa ili aulize, akakifunga. Tangu hapo hakutamka neno lolote kwa mtu yeyote. Alichimba, alikula alichopewa, aliitikia kwa kichwa akiitwa. Aliishi hivyo miezi minane, mpaka alipokufa.