Pikapu ya Leonardi na Mbavu za Faiba

Mimi ni Clemens, fundi bodi wa Milanzi, hapa Sumbawanga, na nasema mapema ili tusizungushane: nilimwonea Meshack wivu. Tena wivu wa kweli, ule wa chakula kugoma kupita kooni. Anayenishangaa aje akae gereji miaka ishirini na mbili, halafu ng'ambo ya barabara atokee kijana na ndoo ya gundi.

Hapa mtaani hakuna anayeniita Clemens. Naitwa Fundi. Padri ananiita Fundi, watoto wa shule wananiita Fundi, na mke wangu Modesta akinikasirikia ndiyo kabisa: "Fundi, chakula kinapoa, hunisikii?" Jina hilo sikupewa na mtu. Nililigonga mwenyewe kwa nyundo, bati baada ya bati.

Aliyelitangaza zaidi ni Leonardi, mnunuzi wa samaki. Anashuka Wampembe, kule ziwani, kufuata migebuka na dagaa, anapanda nao mjini. Miaka saba iliyopita pikapu yake ilipinduka kwenye mteremko wa kule, ikaletwa kwangu imekunjamana, kila mtu akisema hiyo ni ya kuuzwa chuma chakavu. Niliifanyia kazi wiki sita. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, niliivuta kwa jeki na minyororo mpaka ikafika mahali ikagoma. Nyuma, upande wa kushoto, ulibaki mpindo wa upana wa kidole kimoja. Kidole tu! Ningeweza kumwambia mwenye gari. Badala yake niligonga mbavu mbili mpya za bati kwa ajili ya sehemu ya mzigo, na ule ubavu wa kushoto nikaupinda taratibu ufuate chesisi, jicho lisione kitu. Leonardi akauliza, "Fundi, imenyooka?" Nikamjibu, "Imenyooka kama rula." Akanikumbatia pale pale. Tangu siku hiyo, gari likigongwa kati ya hapa na Laela, linaletwa kwangu kwa sababu ya mdomo wake.

Basi mwaka jana akaja huyo Meshack. Mzaliwa wa Mbeya, kazi ya faiba kajifunzia Dar es Salaam. Mji wote huu ulivyo mkubwa, akapanga kibanda mkabala na gereji yangu, mlango kwa mlango. Siku ya kwanza alivuka kuja kunisalimia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikasema, nikaendelea kugonga. Kijana ana adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniudhi. Angekuwa na kiburi ningepata pa kumshikia.

Sasa maji ya samaki hayana huruma na bati. Mbavu za pikapu ya Leonardi zilianza kutoboka kwa kutu, nami nilishajiandaa kumgongea nyingine. Asubuhi moja naiona inakuja, nikafuta mikono, nikatoka nje kumpokea. Ikanipita! Ikakata kona, ikaingia kwa Meshack. Leonardi akanipungia mkono dirishani.

"Fundi, najaribu faiba kidogo! Wanasema haishiki kutu."

Kidogo! Roho iliniuma hata mkono wa kumpungia ukakataa kunyanyuka.

Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikatazama. Meshack alizifungua mbavu zangu, akaziba matundu kwa puti, akazipiga msasa, akazipaka nta, kisha akazifunika kwa nyuzi za faiba na gundi. Gundi ilipokauka akabandua gamba gumu lenye umbo lilelile. Hiyo ndiyo kalibu. Ndani ya kalibu akatandika nyuzi nyingine na gundi nyingine, na siku ya tatu akatoa mbavu za faiba, nyepesi, mtu anabeba kwapani. Ule mkunjo wa juu ya tairi, ambao mimi niliuhangaikia siku nne kwa nyundo, yeye kaupata kwa brashi! Akazifunga kwa bolti na washa za mpira, anakaza kwa upole kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Zikakaa sawasawa. Zisikae kwa nini? Alikuwa amezinakili kutoka kwangu.

Watu walijaa kushangaa. "Huyu mshikaji noma!" vijana wanasema. Hata Modesta, mke wangu wa ndoa, alisimama pale na beseni lake la unga wa ulezi kichwani akasema, "Kazi safi jamani." Tulipofika nyumbani nikamuuliza, kwani yangu ilikuwa chafu? Akanitazama weee.

"Fundi, tangu lini ukawa na kijicho hivyo?"

Ugali wake sikuugusa.

Mwezi haujaisha, akaja Cornelius, mnunuzi wa mahindi kutoka Laela. Ana pikapu ya aina ileile ya Leonardi, na yeye akataka mbavu kama zile. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, nikamsikia Meshack akimwambia, "Usijali mzee, kalibu ipo tayari. Wiki mbili tu, maana kwa baridi hii gundi inachelewa kukauka." Nyundo nusura inidondoke. Mimi peke yangu nilijua kwamba kalibu ile imepinda. Umbo lile lilifuata kilema cha gari moja. Ukilipeleka kwenye gari lililonyooka, halikai.

Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Sikuvuka. Nilijidanganya kwamba nanyamaza kulinda siri yangu, Leonardi asiijue, lakini huo ni uongo. Nilitaka Meshack aaibike, tena mbele za watu. Wiki mbili nzima, kila asubuhi, shikamoo fundi, marahaba, na mimi namtazama akihangaika na baridi yetu ya Julai, anatoa mbavu juani, anazirudisha ndani upepo ukianza, anazitoa tena. Moyoni nacheka.

Siku ya kufunga ikafika. Cornelius kaja na shati jeupe, kama anakwenda kuoa. Ubavu wa kulia ukakaa vizuri. Wa kushoto ukagoma. Nyuma ikabaki nafasi, kidole kinaingia chote. Meshack akapima, akafungua, akafunga, akapima tena.

"Kijana, mimi ndiye umeniona wa kujifunzia?" Cornelius akapandisha sauti.

Meshack akampigia simu Leonardi aje na pikapu yake walinganishe. Leonardi akaja. Wakaziweka gari mbili bega kwa bega. Kwenye hii ubavu umekaa, kwenye ile haukai, na kalibu ni moja. Kijana alitoka jasho katika baridi yote ile. Mwisho akavuka barabara, watu wote nyuma yake, akasimama mbele yangu.

"Fundi, naomba unisaidie. Wewe ndiye uliyezigonga za kwanza. Nimekosea wapi?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na nilikuwa nimekaa miezi sijatazamwa hivyo. Donge lote nililolimeza tangu siku ile pikapu iliponipita likapanda kwa mara moja. Nikasimama juu ya ndoo yangu.

"Umekosea kunakili kitu usichokijua! Unadhani umbo lile lilianguka kutoka mbinguni? Ule ubavu wa kushoto niliupinda mimi, kwa mkono huu, kidole kimoja, ufuate chesisi iliyopinda! Miaka saba hakuna jicho lililoona! Nani mwingine mji huu anaweza hiyo? Gundi yako inaweza?"

Nikajipiga kifua kabisa, nikasubiri washangae. Walishangaa kweli, ila macho yao yaliniacha mimi yakaenda kwa Leonardi.

"Chesisi ya nani?" Leonardi akauliza, taratibu.

Mungu wangu. Nikashuka kwenye ndoo.

"Ya kwangu?" akasema. "Miaka saba tairi la nyuma la kushoto linalika upande, nagombana na wauza tairi, nawaita wezi. Nashuka Wampembe na watu wamekaa juu ya mzigo. Nilikuuliza. Ukaniambia rula."

"Leonardi ndugu yangu, ni kidole tu..."

Meshack alikuwa anatazama chini. Hata kufurahi hakufurahi kijana yule. Alikuwa ananionea aibu. Akamgeukia Cornelius. "Mzee, nisamehe. Nitatoa kalibu nyingine kwenye gari lako mwenyewe, kwa gharama yangu." Cornelius akaitikia kwa kichwa, na shauri lao likaisha.

Leonardi akazunguka nyuma ya pikapu yake, akainama, akafumba jicho moja, akatazama. Watu wakainama pamoja naye. Kitu kama kile ukishaambiwa unakiona, na wote walikiona. Akapanda, akawasha. Alipofika mlangoni kwangu akapunguza mwendo, akashusha kioo. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote. Nilikuwa nalitaka hilo tusi.

"Haya, Clemens," akasema, akaondoka.