Ukurasa Nilioukariri

Nakumbuka siku moja nilipokaa kwenye kizingiti cha zahanati, ufagio mapajani, nikijiona nimefanya kazi njema kuliko zote nilizowahi kufanya. Mwanangu, ukimwona mtu amejiridhisha namna hiyo, mhurumie kidogo. Mara nyingi habari bado haijamfikia.

Kwanza nikueleze nilifikaje pale. Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa, ila barabara ilipita mbele ya darasa na mimi nilitaka kujua inakwenda wapi. Nikabeba magunia Kabanga mpakani, nikachunga ng'ombe wa watu Biharamulo, nikafyatua matofali katika vijiji vya ujamaa. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na wangu mmoja uliliwa kweli: jembe liliniparua, jeraha likaoza, nikaingia kwa kuchechemea katika zahanati ya kijiji kimoja kati ya Ngara na Biharamulo. Nilikwenda kufungwa bandeji siku tatu, nikakaa miaka mitatu. Nilifagia, nilichota maji, nilipasua kuni, na zaidi ya yote niliuliza. Kwa nini sindano zichemshwe? Usaha unatoka wapi? Mtu ana damu kiasi gani, inajaa ndoo?

Aliyeyavumilia maswali hayo alikuwa nesi Skolastika, binti wa wakulima wa kahawa wa huko huko Ngara. Vita vilikuwa vimeanza kule kaskazini na mganga wetu ameitwa jeshini, kwa hiyo nesi alibaki peke yake na vijiji vitatu. Asubuhi alipima watoto kwenye mzani wa kuning'iniza, mchana alitoa dawa na kufunga vidonda, na siku ya shamba la kijiji alishika jembe kama wengine, kwa sababu mwenyekiti alishasema ujamaa haujui gauni jeupe. Juu ya hayo yote alikuwa anasoma. Alitaka kwenda mafunzo ya juu ya uuguzi, na ili apokelewe ilimpasa kwanza afanye mtihani Mwanza.

Utaniuliza, alisoma saa ngapi? Alisoma sindano zikichemka. Siku hizo sindano hazikutupwa. Zilichemshwa kwenye sufuria dakika ishirini, na dakika hizo ishirini ndizo zilizokuwa chuo chake. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini masomo aliyageuza kwa Kiswahili katika daftari, akisema jambo usiloweza kumweleza mama yako bado hujalielewa. Mikono yake ikiwa kazini, mimi nilishika daftari nikamsomea kwa sauti.

"Polepole, kaka," alikuwa akisema. "Hiyo si hotuba ya mkutano wa kijiji."

"Na nikikosea?"

"Nitacheka, halafu utarudia."

Ukurasa mmoja niliupenda hata nikaukariri. Ulihusu dalili za hatari kwa mama mjamzito: kichwa kuuma bila kuachia, macho kuona vimulimuli, uso na mikono kuvimba. Niliusema nikifagia, niliusema nikichota maji. Watoto wa mtoni walianza kuniita daktari, nami sikuwakataza.

Sasa ikafika ile siku. Mabasi mengi yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari, lakini dereva mmoja wa lori la kahawa alikubali kumchukua nesi hadi Mwanza. Angepita barabarani saa kumi alasiri, na mtihani ulikuwa keshokutwa. Lori jingine lisingepatikana hadi wiki ya pili, na mtihani mwingine hadi mwaka wa pili. Nesi alifanya kazi tangu alfajiri, na saa sita akaniambia anaingia chumba cha nyuma kupitia daftari lake mara ya mwisho.

"Mtu akija niite," alisema.

Mwanangu, mimi sikumwita. Nilisema moyoni kwamba mtu aliyejinyima hivi anastahili saa nne za peke yake. Nikakalia kizingiti. Na mlango una tabia hii: ukiukalia muda kidogo unaanza kujiona mwenye nyumba.

Wakaja wanawake wawili, bibi mmoja na mkwewe, watu wa zile familia za Kisukuma zilizokuwa zimehamia ng'ambo ya bonde na mifugo yao.

"Mwadila," bibi alisalimia kwa kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tumemleta huyu Minza. Ana kichwa."

"Kichwa tu?"

"Kichwa. Tangu juzi."

Bibi hakuongeza neno. Kwao na kwetu, mambo ya mimba hayamwagwi mbele ya mwanamume usiyemjua. Yule binti alikuwa amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, ameinamisha uso. Mara kwa mara alipunga mkono mbele ya macho kama anayefukuza inzi, na inzi hawakuwepo. Niliona pia bangili yake ya shaba imezama katika nyama ya mkono. Unajua nilifikiri nini? Nilishangaa ni fundi gani huyo anayefua bangili ndogo kiasi kile.

"Bibi, jua la leo linamuumiza kila mtu kichwa," nikasema. "Mpe maji apumzike. Nesi ana safari ya serikali. Rudini wiki ijayo."

"Tumetembea tangu asubuhi, mwanangu."

"Ndiyo maana kichwa kinauma."

Bibi alinitazama, akamshika mkwewe mkono, wakaondoka. Hapo ndipo nilipojiona nimefanya kazi njema.

Haikupita nusu saa nesi akatoka kunywa maji. Akauliza kama kuna mtu aliyekuja. Nikamsimulia kwa fahari nilivyomlinda. Hakupandisha sauti.

"Rudia alichosema bibi."

Nikarudia.

"Na wewe uliona nini?"

Nikamweleza habari ya bangili na inzi wasiokuwepo. Akaingia ndani, akaniletea daftari, akalifungua.

"Soma hapa."

Nikaanza kusoma ukurasa wangu ule. Kichwa kuuma bila kuachia. Macho kuona vimulimuli. Uso na mikono... Mwanangu, nimeishi mengi, lakini sijawahi kuona maneno ninayoyajua yakigeuka kuwa mtu namna ile.

Alichukua mkoba wa dawa, mimi nikachukua baiskeli, akapanda nyuma. Tuliwakuta karibu na daraja la miti, bibi amekaa chini, kichwa cha Minza mapajani mwake. Alikuwa ameshaanza kutetemeka mwili mzima, meno yameumana. Nesi alimgeuza ubavu, akamchoma sindano, akabaki amepiga magoti pale akimhesabia pumzi. Mimi nilitumwa kuita watu. Wanaume waliokuwa wakipalilia migomba yao waliacha majembe, wakaleta ngobyi, ile machela yetu ya kusuka ya kubebea wagonjwa mabegani. Tukapokezana hadi barabara kuu. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa kabila gani wala ng'ombe wake walikula shamba la nani.

Saa kumi lori likatokea.

"Nesi, tulipatana mtu mmoja," dereva alisema. "Huyu naye?"

"Mmoja ni huyu," alijibu. "Mlaze mbele. Mimi na bibi tutakaa juu ya magunia."

Walipofika hospitali ya Biharamulo dereva alimpigia honi waendelee. Lakini wauguzi wengi wa pale walikuwa wamekwenda vitani, na Minza alihitaji mtu wa kumwangalia bila kumwacha. Nesi akamwambia dereva asimsubiri. Lori likaenda Mwanza na kahawa yake.

Alirudi siku ya sita. Minza alikuwa mzima, na mtoto wa kike, mdogo kama kiganja, ananyonya. Mimi nilikuwa nimeshafunga kifurushi changu, kwa sababu mtu wa barabara akikosa huwaza barabara. Nikamwambia nakwenda.

"Kwenda ni kazi unayoiweza," alisema. "Keti."

Nikaketi.

"Mtihani nitaufanya mwakani, usilie juu ya hilo. Ila nikuulize wewe, mtu wa maswali. Miaka miwili umeniuliza kila kitu hadi kuhusu mkia wa mjusi. Siku ile, kwa yule binti, mbona ulikosa hata swali moja?"

Nikakiweka chini kifurushi changu. Swali hilo najiuliza hata leo.

"Ulidhani unakilinda kitabu changu," akaendelea. "Kitabu changu ndicho kilichokuja mlangoni, wewe ukakifukuza."

Akanipa adhabu: nirudi pale pale mlangoni, na kila anayefika nimkaribishe akae, nimuulize ametoka wapi, anaumwa tangu lini na ana nini kingine, kisha niite. Na kama ni mwanamke, niite kabla ya kuuliza. Niliifanya kazi hiyo mwaka mzima. Dakika ishirini za sindano zikaendelea, nami nikasoma polepole. Mwaka wa pili lori lilimchukua, na safari hiyo yule bibi, mama mkwe wa Minza, alikuja kumsindikiza, mjukuu mgongoni, akabaki amesimama barabarani hata vumbi likatulia.

Basi mwanangu, wewe unayesoma huku unafanya kazi, na wewe uliyeacha shule ukaokota elimu njiani kama mimi, sikieni nasaha yangu. Kukariri si kujua. Udadisi ni zawadi, lakini usiutumie kwa mambo ya mbali tu, ukamnyima aliyesimama mbele yako. Ukisaidia mtu asome, usimtenge na wale anaowasomea. Na ukikosea, usikimbilie barabara. Keti, usikie neno lote hadi mwisho, kwa maana majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye hulelewa akawa mtu.

Mungu akupe kazi isiyokuzuia kusoma, na masomo yasiyokufungia mlango. Na siku utakayofika mahali unaumwa, umechoka, huna la kusema ila neno moja, akujalie umkute mlangoni mtu wa kukuuliza la pili.