Sanduku Lisilo na Msumari

Wiki iliyopita nilikuwa nikirudi Vwawa kutoka Tunduma, mpakani, nilikozuru kaburi la mke wangu, mgambo akasimamisha basi letu kutafuta magendo. Kijana mbele yangu alikuwa amepakata sanduku la mbao za mninga.

"La nini hilo?"

"Ni mtihani wangu, afande. Nasomea ualimu wa ufundi, wa sekondari. Kesho nalipeleka chuoni."

Mgambo akapapasa pembe zote. "Misumari iko wapi?"

"Halina, afande. Mbao zimeumana zenyewe."

"Zimeumana! Unaficha kitu wewe." Akainua rungu.

"Usilivunje! Likivunjika nimefeli!" Kijana akasukuma kifuniko kwa kidole gumba, kikateleza taratibu. Ndani hamkuwa na kitu.

Mgambo akalichukua, akagonga kitako cha sanduku, akamkazia kijana macho. "Yaani umetoka Tunduma na sanduku tupu?"

"Ndiyo, afande."

Akamrudishia, zima kama lilivyokuwa. Lakini mama mmoja, aliyejifunga khanga mpya tatu juu ya gauni, akamnong'oneza jirani yake, "Huyo mwogope, mwenzangu. Lazima ni mpelelezi."

Hakuna aliyemsemesha mpaka tulipofika. Siku hizi, asiye na cha kuficha ndiye tunayemkalia mbali.