Niliandika ubaoni kwamba mwalimu Salvator yuko Kigoma

Wakuu, heshima zenu. Sitaweka chumvi hapa. Ningetaka kuweka ningejipendelea kidogo, na mtaona wenyewe sikujipendelea.

Enzi za vita nilikuwa nafundisha kuchora kwenye shule moja ya sanaa, Bujumbura. Kila mwaka wafadhili wakikaribia kuja, tulikuwa tunapamba ubao mkubwa pale mlangoni: mafanikio ya walimu wetu na wanafunzi wa zamani. Fulani kauza picha Ulaya, fulani kapewa kazi ya kuchora ukuta wa kanisa. Kuandika ilikuwa kazi yangu, kwa sababu ya mwandiko.

Mwaka huo hakukuwa na cha kuandika. Wengi walikuwa wamekimbia, wengine hatukujua waliko.

Direkteri, mkuu wa shule, akaniambia, "Usiandike amekimbia. Usiandike amepotea. Tafuta kitu."

Nikatafuta. Na niseme ukweli, nilikuwa nasikia raha kutunga.

Sasa kulikuwa na Salvator, mwalimu wa kuchonga. Alikwenda msibani kwao, mikoani, hakurudi. Miezi mitano kimya. Nikaandika kwa rangi ya bluu: "Mwalimu Salvator anaonyesha vinyago vyake Kigoma." Wageni wakapiga picha, wakaridhika, wakaondoka.

Wiki ileile mke wake akaja kutoka mtaa wa Kanyosha, na watoto wao wawili. Nani alimwambia, sijui. Watoto wakausoma ule mstari kwa sauti, wakaurudia tena.

"Kumbe baba yao iko muzima," akaniambia. "Nani alikuletea habari?"

Wakuu, hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikajibu, "Mutu mumoja wa bandari."

Uongo juu ya uongo.

Kuanzia hapo, kila boti ya mizigo ikitaka kwenda Kigoma, mama yule yuko bandarini na barua na shati lililopigwa pasi, anabembeleza mabaharia wampelekee mumewe. Nilimwona siku nimekwenda kuchukua rangi. Nikajificha. Mtu mzima, mwalimu, nimechuchumaa nyuma ya magunia ya saruji.

Nilivumilia miezi mitatu. Jumapili moja mchana nikaenda kwake, nikamkuta uani anachambua maharage. Nikamwambia yote, macho chini.

Hakulia. "Mi nilijua," akasema. "Boti ya pili walinirudishia shati. Waliniambia kule hakuna maonyesho."

Nikamuuliza, sasa mbona bado unakwenda?

"Watoto ndio wanapiga ile shati pasi. Mi siwezi kuwaambia. We ndiye uliandika. Wako ndani, ingia uwaambie."

Nikaomba maji. Nikanywa. Nikaaga, nikaondoka.

Sikuingia.

Nilichojifunza, na nimechelewa: ukiandika kitu kumfurahisha mgeni, kuna mwenyeji naye atakisoma, na yeye ataamini.

Nisemeni mnavyotaka huko chini, nitasoma yote, sina cha kujitetea. Ila wale watoto sasa ni watu wazima, na huenda mmoja yumo humu ndani. Kama ni wewe: hakuna aliyeniambia baba yako yuko Kigoma. Nilitunga mimi, nikijua natunga. Nilipaswa kukuambia siku ile, wewe uko chumbani na mimi nipo uani kwenu, nakunywa maji yenu.